Kura ya asiyejua kusoma

Mhariri, swali la wiki limeuliza ni haki ipi tunayoitumia leo ambayo bibi au babu zetu waliwahi kunyimwa. Kwangu ni kura, na hasa kura ya mtu asiyejua kusoma.

Bibi yangu mzaa mama alilima mihogo na korosho huku Newala. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulipofanyika Tanganyika, mpiga kura alitakiwa kuwa na miaka 21, tena awe amefika darasa la nane, au ana kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au ana cheo kinachotambuliwa. Pauni 150! Mwanamke wa shamba angezitoa wapi? Na aliyeruhusiwa alilazimika kuchagua watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake imeharibika. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa: ukijua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au ukipata pauni 75, unapiga. Bibi akabaki nje. Aliingia Novemba 1962, Mwalimu Nyerere aliposhindana na Zuberi Mtemvu kuwania urais, maana safari hiyo kila raia mtu mzima aliruhusiwa.

Lakini alichopenda kutusimulia ni jembe na nyumba, alama za wagombea ubunge kuanzia 1965. Alikuwa akizichora mchangani kwa kidole, jembe huku, nyumba kule, halafu anasema: “Mtu niliyemtaka nilimjua. Nisichokijua ni herufi za jina lake tu.”

Ndiyo maana naumia nikisikia vijana wenzangu kijiweni wakisema wasiosoma wanatuharibia uchaguzi, bora kura iwe na kiwango cha elimu. Wanaomba sharti la 1958 lirudi, na wa kwanza kutolewa watakuwa mama zao.

Mwaka 2015, tulipoandikishwa kwa alama za vidole, nilipanga foleni nyuma ya mama mdogo. Yeye hubangua korosho, na mafuta ya maganda yamemla ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama kokoto ya pwani. Mashine ikamkataa. Akafuta vidole kwa pindo la kanga, akaweka tena, ikakataa. Mwandikishaji akamjaribu kidole kimoja kimoja, na watu nyuma wakaanza kunung'unika. Mama mdogo hakugeuka. Alitoka pale na kadi yake, akaifunga kwenye fundo la kanga pamoja na hela ya nauli.