Pikipiki ya safari ikianza kuyumba kwenye lami, anza kukagua nyuma

Msimu wa likizo ukikaribia, wenzangu wenye pikipiki kubwa hunitumia swali lilelile: "Mashine yangu ikifika kilomita 110 kwa saa inaanza kuogelea, ninunue dampa ya usukani, kile kifaa cha kuzuia usukani usitetemeke?" Jibu langu halijabadilika. Usinunue kitu kwanza. Shusha mizigo, pima upepo wa tairi la nyuma, angalia shokapu ya nyuma imezama kiasi gani. Mara nyingi tatizo liko hapo, nyuma ya kiti chako, wakati wewe unalaumu usukani.

Kuna kuyumba kwa aina mbili, na ni lazima ujue unayumba kwa ipi. Kuna kule kwa usukani wenyewe: unatetemeka mikononi haraka haraka, kama mara saba hadi kumi kwa sekunde, huku mwili wa pikipiki ukiwa umetulia. Huku hutokea zaidi unapopunguza mwendo, kati ya 80 na 60, hasa ukiwa umeachia mkono mmoja. Halafu kuna kule kwa kasi kubwa, ambako pikipiki nzima hujinyonganyonga, nyuma ikienda huku na mbele ikienda kule, mara mbili hadi nne kwa sekunde, na kadiri unavyoongeza mafuta ndivyo inavyozidi. Mhandisi Mwingereza Robin Sharp alizieleza aina zote mbili kwa hesabu mwaka 1971, na hadi leo wahandisi wanazitenganisha hivyohivyo.

Aina ya kwanza hutusumbua Tanzania kwa sababu ya namna tunavyoendesha. Chukua barabara ya Chalinze kwenda Moshi. Unatembea vizuri, kijiji kinaanza, bango la 50 hilo, unajua tochi ya trafiki ya kupimia mwendo inaweza kuwa chini ya mti wowote, unaachia mafuta. Hapo unapita kwenye mwendo uleule ambao usukani hupenda kutetemeka, na kijiji kinachofuata unarudia. Mtu anayeachia mkono ili afungue kioo cha helmeti au awasalimie watoto wa barabarani anakutana na mtetemeko kila mara, na anaamini pikipiki ina kasoro. Weka mikono yote miwili mpaka ushuke chini ya 50, kisha salimia.

Sasa mizigo. Pikipiki husimama wima na kushika njia kwa sababu tairi la mbele lina uzito wa kutosha juu yake na linajinyoosha lenyewe kila linapopindishwa kidogo. Kila kilo unayoiweka nyuma ya ekseli ya nyuma inapunguza uzito wa mbele. Umemwona mwendesha baiskeli mwenye magunia ya mkaa, gurudumu lake la mbele linavyokuwa jepesi hata kwenye tuta dogo? Sanduku la juu likijaa linakufanyia vivyo hivyo, ila wewe uko kwenye spidi ya basi. Tena liko juu na liko mbali, kwa hiyo kila pikipiki ikiyumba kidogo, sanduku linaivuta iyumbe zaidi.

Rafiki yangu alikuwa na shida hiyo tukielekea Moshi. Tuliposimama Segera kujaza mafuta nilishika sanduku lake la nyuma kwa mikono miwili nikalitikisa. Lilicheza upana wa kidole, kwa sababu boliti mbili za keria zilikuwa zimelegea. Ndani mlikuwa na mnyororo wa kufungia pikipiki, spana, pampu, chupa za maji na viatu. Tulikaza boliti, mnyororo na spana tukavihamishia kwenye begi la juu ya tangi, maji yakaenda chini kabisa ya masanduku ya pembeni, viatu na nguo vikabaki juu. Tukazungusha kirekebishi cha springi ya nyuma ili kuikaza, tukaongeza upepo wa tairi. Baada ya hapo pikipiki ileile, tairi zilezile, ilitembea imetulia hadi Same.

Watengenezaji wenyewe wanajua jambo hili. Masanduku mengi ya juu ya kampuni ya Givi, kwa mfano, huandikwa kikomo cha kilo 10 na kilomita 120 kwa saa. Wengi tunasoma kibandiko hicho siku ya kununua, kisha tunapakia kilo 20. Mimi hukiheshimu kwa kanuni rahisi: sanduku la juu ni la koti la mvua, sweta na chakula. Chochote cha chuma kinakaa chini na mbele. Masanduku ya pembeni yawe na uzito unaokaribiana. Yapime kwa mizani ya dukani, usikadirie kwa mkono.

Shokapu ya nyuma ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayoponya haraka. Ikizama sana, mbele inainuka, pembe ya usukani inabadilika na tairi la mbele linazidi kuwa jepesi. Kuipima unahitaji futi ya fundi cherehani na mtu wa kukusaidia. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likining'inia. Pima kutoka kwenye ekseli hadi alama yoyote uliyoweka kwenye mkia juu yake. Kisha ishushe chini, pakia mizigo yote, ukae wewe na abiria kama yupo, msaidizi apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi cha kuzama. Lenga karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu: kama shokapu inaruhusu gurudumu kupanda na kushuka milimita 200, basi kuzama kwa milimita 60 hadi 70 ni sawa. Ikizama 100, kaza springi. Kama umekaza hadi mwisho na bado inazama, springi hiyo ni laini mno kwa mzigo wako au shokapu imechoka, na hela ya dampa ingekuwa na faida zaidi hapo.

Upepo wa tairi upime asubuhi kabla hujatembea, kwa geji yako mwenyewe. Geji za vituoni hutofautiana mno. Pikipiki nyingi kubwa za safari zikibeba mzigo huhitaji takriban psi 36 mbele na 42 nyuma, lakini soma kitabu cha pikipiki yako. Nimekuta watu wana 30 nyuma, na abiria yupo, wakishangaa kwa nini pikipiki inaogelea. Tairi la nyuma lililolika likawa bapa katikati, kama linavyolika kwenye lami ndefu iliyonyooka, nalo huleta shida, na vilevile la mbele lililolika kwa mawimbi. Ukiona hivyo badilisha, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ipo.

Kagua pia bearingi za shingo ya usukani. Inua gurudumu la mbele, shika foku (ile miguu miwili inayobeba gurudumu la mbele) kwa chini, vuta na sukuma: ukisikia kugonga, zimelegea. Geuza usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikwama kidogo katikati, zimekwisha. Nyuma fanya hivyohivyo kwa kutikisa gurudumu upande kwa upande.

Ikianza kuyumba ukiwa barabarani, kwanza legeza mikono. Najua mwili unataka kukaba usukani, lakini mikono iliyokaza huupeleka mtetemeko kwenye pikipiki nzima. Bana tangi kwa magoti, inamisha kifua mbele ili uzito uende mbele na upepo upungue, kisha achia mafuta polepole. Usiyafunge ghafla, na usikabe breki ya mbele. Vyote viwili vinautupa mzigo mbele kwa kishindo na kuongeza fujo. Mtetemeko wa usukani kati ya 80 na 60 hupita wenyewe ukishuka chini yake. Kujinyonga kwa kasi kubwa nako hukatika mara mwendo unaposhuka.

Kumbuka nguvu ya hewa haiongezeki sawasawa na spidi. Kutoka 80 hadi 120 inapanda zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana koti la mvua lisilofungwa, ambalo kwenye 70 linapepea tu, kwenye 120 linavuta mikono yako na mikono inatikisa usukani. Funga vifungo vyote na mikanda ya begi isiachwe ikining'inia.

Upepo wa ubavuni una maeneo yake. Makambako na Singida, ambako upepo umepimwa kwa ajili ya kufua umeme, pikipiki yenye masanduku makubwa husukumwa waziwazi. Upepo ukitoka kulia, sukuma kidogo mpini wa kulia mbele ili pikipiki iulalie upepo, na uwe tayari kuachia pale mlima au lori litakapoukinga ghafla. Basi linapokuja mbele yako kwa kasi, sogea kushoto mapema ndani ya njia yako, inamisha kifua, legeza viwiko. Kwenye barabara ya Tanzam, iendayo Zambia, malori yamechimba mifereji ya magurudumu kwenye lami, na tairi la mbele likifuata ukingo wa mfereji utadhani pikipiki imeharibika. Hapo punguza mwendo, panda katikati ya mifereji, usipambane nayo.

Abiria mwambie mapema akae karibu nawe, ashike kiunoni mwako au vishikio vya pembeni, na asiegemee sanduku. Ukifika na kushusha mizigo, rudisha springi na upepo kwenye vipimo vya mtu mmoja kabla ya kuzunguka mjini, maana shokapu iliyokazwa kwa mzigo mzito itakurusha kwenye matuta na tairi la nyuma halitashika lami vizuri kwenye mvua.