Flopi iliyoniumbua

Juzi msomaji kaniuliza: wanataka kupiga picha ya pamoja ya timu ya jarida lao la teknolojia kwa mtindo wa zamani, waanzie wapi? Nikacheka peke yangu. Kumbe kidonda bado kibichi.

Mwaka jana picha kama hiyo niliipanga mimi. Niliazima skrini mbili za chogo, kibodi iliyogeuka njano kwa uzee, iMac ya buluu ya 1998, kompyuta ya Apple, na bunda la flopi, zile diski bapa za kuhifadhia mafaili. Wenzangu wakavaa miwani mipana na makoti ya mabega ya sponji. Mhariri mkuu, ambaye kucheka kwake ni kwa kuomba, alikaa mbele ameshika flopi, kama anayetaka kuitumbukiza kwenye ile iMac. Nikaichapisha kwa mbwembwe.

Haikupita saa, wasomaji wakaja juu: iMac ile haina tundu la flopi! Na kweli, mwaka 1998 Apple walisemwa sana kwa kuliondoa. Mimi ninayeandika habari za kompyuta kila siku! Mhariri hakunigombeza. Alinitumia tu picha ile imekatwa, umebaki mkono na flopi.

Kwa hiyo chagueni mwaka, si "zamani". Zamani ni kubwa mno. Mkisema 1984, wekeni Macintosh ya kwanza na flopi zake za inchi 3.5. Mkisema 1995, ni Windows 95, na mabega ya sponji yabaki kabatini.

Ila kwenye skrini nilitamba, nisiseme uongo. Picha zilitoka na ukanda mweusi katikati ya kioo. Mpiga picha akasema skrini imekufa, tukodi nyingine. Haikufa. Skrini ya chogo hujichora mstari kwa mstari, mara 60 hivi kwa sekunde, naye alikuwa anapiga kwa 1/200, yaani kamera inafunguka kwa sehemu moja ya 200 ya sekunde, inanaswa sehemu tu ya skrini. Nikamwambia ashuke hadi 1/30, tukazima taa za chumba, flashi ikawekwa ubavuni isiakisi kwenye kioo. Flashi ikawashika watu, skrini ikatoka nzima. Jamani, someni vifaa vyenu kabla ya kukodi vya watu!

Yule msomaji kanijibu leo asubuhi, ana furaha kweli. Wamechagua 1995, na iMac tayari wameshaazima.