Kupanga masuala mazito ya uendelevu: usianze na dodoso

Mgeni wa kazi ya kuchagua masuala ya uendelevu (athari za kampuni kwa watu na mazingira) yaliyo mazito kiasi cha kuripotiwa kwa kawaida huandika mada ishirini, huwatumia wadau dodoso, kisha hupata "mazingira", "wafanyakazi" na "utawala bora", kila moja na alama nne za uzito. Orodha ya namna hiyo haimsaidii meneja wala mkaguzi.

Anza na bidhaa. Tuseme ni kiwanda cha chai. Lifuate jani kutoka mkononi mwa mchumaji hadi kituo cha kununulia, lori, chumba cha kunyaushia, mashine za kukatia na kikaushio. Kilo 1 ya chai kavu hutokana na kilo 4 hadi 5 hivi za majani mabichi. Kinachopotea hapo kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayaondoki bila joto, ndiyo maana boila hula kuni mchana na usiku. Kila hatua uliza: kinaingia nini, kinatoka nini, nani anaweza kuumia?

Kisha liandike suala kwa sentensi nzima. "Mazingira" si suala. "Kuni za boila hununuliwa kwa madalali bila kujua zimekatwa wapi" ni suala, maana mtu anaweza kulifanyia kazi. Vivyo hivyo "jinsia" haitoshi. Andika "msimamizi ndiye anayegawa mistari na kupima majani, na mchumaji hana pa kumshtaki". Sentensi hiyo imebeba hatari mbili: kupunjwa kilo na kudaiwa ngono.

Ukimaliza orodha yako, ndipo uilinganishe na kiwango cha GRI 13 cha mwaka 2022 kuhusu kilimo, chenye mada 26 (GRI ni shirika la kimataifa linalotunga viwango vya kuripoti uendelevu). Ukikianza hicho kwanza, utanakili tu.

Wachumaji wahoji mbali na wasimamizi, kwa lugha yao, wanawake wakihojiwa na mwanamke. Na alama za uzito wanazoyapa masuala usizichanganye na za ofisi. Watu 30 wa makao makuu wakitoa alama 2 na wachumaji 6 wakatoa 5, wastani ni 2.5. Suala limezikwa, na aliyelizika ni hesabu. Weka kila kundi safu yake.

Kwenye kupima uzito, GRI 3, kiwango cha shirika hilo kuhusu masuala mazito, inataka uangalie ukali wa athari, imeenea kiasi gani na kama inarekebishika, halafu uwezekano wa kutokea. Wengi huzidisha ukali kwa uwezekano na kumaliza. Kwa haki za binadamu hilo ni kosa: ukali ndio unaotangulia. Mkono ukinaswa kwenye mashine ya kukatia haurudi, hata kama ajali hiyo ni ya nadra.

Athari kwa mfuko wa kampuni (kuni kupanda bei, mnunuzi kujitoa) zipewe safu ya pekee. Hizo ndizo IFRS S1, kiwango cha kimataifa cha taarifa za uendelevu kwa wawekezaji, inazozitafuta. Ukizijumlisha na athari kwa watu utapata namba isiyojibu swali lolote.

Mstari wa kukatia (alama ambayo suala likiwa chini yake linaachwa) uamueni kabla ya kuona matokeo. Mkingoja, kila idara itavutia kwake, na mada isiyompendeza bosi itajikuta chini ya mstari kwa pointi moja. Zinazobaki juu zisizidi kumi na mbili hivi. Kwa kila iliyoachwa andika sababu, tarehe na nani aliamua. Mkaguzi huanza kuuliza hapo.