Anza na saa ya mgonjwa, ramani baadaye

Nilipoanza kupanga zamu za manesi wa majumbani hapa Dar, nilikuwa naangalia ramani tu. Wagonjwa wanaokaribiana nawapa nesi mmoja, basi. Asubuhi moja nikampangia Mbagala nesi anayetokea Kimara. Foleni ikamshika hadi saa tatu kasoro. Bibi aliyekuwa akimsubiri hutakiwa kuchomwa insulini nusu saa kabla ya kula. Nesi alipoingia, uji ulikuwa umepoa chini ya kawa na bibi yuko na njaa tangu alfajiri, kwa sababu sisi ndio tuliomwambia asile kabla ya sindano. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, ulipotea njia?"

Swali lile liliniuma kuliko lawama. Siku hizi daftari langu linaanza na wagonjwa ambao saa yao haisogei: wa insulini, wa sindano za antibaotiki, na wa kitandani aliyelala usiku kucha anasubiri kugeuzwa na kusafishwa. Hao nawapa nesi anayeishi jirani nao. Wa kufungwa vidonda au kubadilishiwa mpira wa mkojo nawaweka kuanzia saa nne, barabara zikishapumua. Ila kwenye vidonda mpangilio hauchezewi: kisafi kwanza, chenye usaha mwisho, hata kama huyo wa mwisho ndiye aliye karibu.

Foleni nayo ina mwelekeo. Asubuhi watu wanamiminika Posta na Kariakoo, jioni wanarudi, kwa hiyo ukiweza mpeleke nesi kinyume nao. Mabasi ya mwendokasi husaidia sana njia ya Kimara, lakini mgonjwa hakai kituoni. Kuna bodaboda, kuna kupanda kilima, kuna kuulizia nyumba. Andika alama kabisa: nyuma ya msikiti, geti la bluu, piga simu ukifika kwa muuza mkaa. Kigamboni iwe na nesi wake. Ukisimama Magogoni unaiona hiyo hapo ng'ambo, lakini pantoni ina foleni yake na kuzunguka darajani ni safari nyingine. Na masika Jangwani pakijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa, kwa hiyo usikose mtu kila upande wa Mto Msimbazi.

Kila baada ya wagonjwa wawili naacha nusu saa tupu. Ndugu wana maswali, na nesi anayetazama saa hasikilizi.

Jambo ninalolishikilia zaidi: usimbadilishie mgonjwa nesi kila wiki kwa ajili ya kuokoa nauli. Mzee wa kiharusi akianza kumeza kwa shida, anayeling'amua mapema ni yule aliyemlisha juzi na jana.

Bibi wa Mbagala sasa ana nesi wa mtaa wa pili. Saa kumi na mbili na nusu anapiga hodi, saa moja uji unamiminwa, wa moto.