Maswali ya Wasomaji: Mbuni ni mmoja au wawili?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Isiolo. Kitabu cha ndege alichoniachia marehemu baba kina mbuni mmoja tu, sasa kijana wangu kaniletea kipya nakuta wako wawili, mbuni wa kawaida na mbuni wa Somalia. Kipi kimekosea?

JIBU: Njema kabisa ndugu yetu, na hakuna kilichokosea. Tena wewe ndo uko pazuri pa kujionea mwenyewe, maana hao wa huko kwenu Samburu na Buffalo Springs ndo wa Somalia. Mwangalie dume shingo na mapaja, ni bluu ya kijivu, halafu siku ukishuka Amboseli au Mara utakuta dume mapaja yake ni pinki.

Hiyo bluu ya kijivu ndo imempa huyu wa Somalia jina lake la kisayansi. Mwaka 1883 Mjerumani Anton Reichenow alimwita Struthio molybdophanes, hilo neno la pili ni Kigiriki, maana yake anaonekana kama risasi, yani ile metali ya kijivu. Baadae wataalamu wakamuweka chini ya Struthio camelus, yani mbuni wa kawaida, jina alilotoa mwanasayansi wa Sweden Linnaeus mwaka 1758, akawa anaandikwa kwa maneno matatu, Struthio camelus molybdophanes, na ukiona maneno matatu ujue hiyo ni nususpishi, yani kundi dogo ndani ya spishi (aina) moja. Kitabu cha baba kiliandikwa enzi hizo. Ikaja DNA ikaonyesha hawa wameachana zamani sana, na mwaka 2014 BirdLife, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, wakamtambua kama spishi kamili, basi lile neno la kati likatolewa akabaki na jina lake la 1883, hakutungiwa jipya kwa sababu sheria ya majina ya wanyama inasema jina la kwanza lililotolewa kihalali ndo linatumika.

Kilichokuwa kinachanganya watu ni kwamba orodha za ndege wa dunia zilikuwa kadhaa, IOC (wataalamu wa ndege wa kimataifa) wana yao, Clements (ya Marekani) yao, BirdLife yao, kila mmoja anagawa anavyoona, mpaka Juni 2025 ndo ikatoka ya pamoja inaitwa AviList, ina spishi 11,131.

Na jamani hili sio suala la majina tu. Huyu wa Somalia anapungua, yuko kwenye kundi la walio hatarini, na alipokuwa anahesabiwa pamoja na mwenzake ambae hali yake bado nzuri hiyo hatari ilikuwa haionekani kabisa, inaniuma sana nikifikiria miaka iliyopotea hapo.

Kitabu cha baba usikitupe, andika pembeni kwa penseli. Na ukimpata dume karibu mpige picha shingo ionekane vizuri, ututumie.