Termostati ya boila: tere haiwezi kuwa netri

SWALI: Nyumba yetu ya Nguba, Bukavu, ni ya zamani. Tulinunua termostati ya waifai ili boila yetu ya lita 80, wati 2000, iwe inajiwasha alfajiri peke yake. Kwenye kisanduku cha swichi fundi alikuta nyaya mbili nyekundu na ule wa kijani na njano wa tere (waya wa ardhi), netri (waya wa kurudishia umeme) hakuna. Akafunga tere pale palipoandikwa N. Termostati iliwaka vizuri, lakini tangu hapo diferensiali ya miliampea 30 (kinga inayokata umeme unapovuja) inaruka, yaani inajizima, mara mbili tatu kwa siku. Fundi anasema imezeeka, tuitoe. Tuitoe? — Mama wa Nguba

JIBU: Hapana mama, msiitoe. Diferensiali yenu ni nzima na inafanya kazi iliyowekewa. Kabla mtu yeyote hajaoga tena, shusheni disjonkta (swichi ya kinga) ya boila, na isipandishwe mpaka waya wa tere utoke kwenye N.

Kosa hili liko katika nyumba nyingi mno, na kila mara linatetewa kwa maneno yaleyale: tere na netri ni kitu kimoja, pima uone. Ukipima, kweli, kati ya fazi (waya unaoleta umeme) na netri unapata volti 220, na kati ya fazi na tere unapata 220 pia, kwa sababu netri yenyewe imezikwa ardhini kule kwenye transfoma. Fundi anaishia hapo. Lakini multimeta imemwonyesha volti tu, haikumwonyesha njia umeme utakayopita kurudi. Kwa netri unarudi kwenye shaba. Kwa tere unarudi kwenye udongo, na kabla ya kufika huko unapita kwenye waya uleule ulioshika mwili wa boila, mabomba ya chuma, friji na jiko.

Tere ikishika vizuri ardhini, hamtahisi kitu. Ila klampu ya kijiti cha tere kilichopigwa ardhini huliwa na kutu, na udongo hukauka kati ya Juni na Agosti. Siku tere inapokatika, umeme unaoingia kwenye termostati unakosa pa kutokea, na kila chuma kilichofungwa kwenye waya ule kinabeba umeme. Anayefungua bomba kwa mkono uliolowa, miguu ikiwa kwenye simenti yenye maji, ndiye anayeukamilisha mzunguko. Miliampea 30 zikidumu zinatosha kukaza misuli ya kifua mpaka pumzi ikate.

Kuhusu kuruka: diferensiali inalinganisha umeme unaotoka kwa fazi na unaorudi kwa netri. Termostati ya namna hii inakula wati 2 au 3, yaani miliampea 10 au zaidi kidogo, na zote sasa zinakwenda ardhini. Diferensiali ya 30 inaruhusiwa kuruka popote kati ya 15 na 30. Rezistansi ya boila iliyokaa miaka mingi nayo huvujisha kidogo, hasa ikipata moto, vikijumlishwa, inaruka. Katika nyumba isiyo na uvujaji mwingine hairuki kabisa, na fundi anaondoka akiamini kazi yake ni safi.

Dawa kwenu si ngumu. Kata umeme kwenye disjonkta kuu, na kama kuna inveta yenye betri au jenereta, zima navyo. Hakikisha kwa multimeta. Bisibisi yenye kitaa haitoshi. Rudisha tere kwenye mwili wa boila, iwe nzima, moja kwa moja, bila kukatwa. Kisha angalia kisanduku kilichoko kwenye boila yenyewe: huko fazi, netri na tere vyote vipo. Nyaya mbili nyekundu za kwenye swichi ziunganishwe pamoja kwa domino (kiunganishi cha nyaya) imara, na termostati ihamie upande wa boila, nje ya bafu, au walau sentimita 60 kutoka ukingo wa beseni au dushi. Mkitaka ibaki ilipo, vuteni netri mpya ya bluu ya mm² 2.5 kutoka kwenye tablo (sanduku kuu la umeme), na iwe netri ya laini ya boila yenyewe. Kuchukua ya taa iliyo karibu ni kosa lingine: ukishusha disjonkta ya taa ukidhani waya huo umekufa, unaweza kukuta bado umebeba umeme wa laini ya boila uliopitia termostati.

Boila yenu inavuta kama ampea 9, yaani 2000 kugawa kwa 220. Someni mgongoni mwa termostati. Kama imeandikwa 3A, ilitengenezwa kwa valvu au kwa mashine za gesi za Ulaya, na rileyi yake (swichi iliyo ndani) itaungua. Tafuteni ya 16A, au hiyo ndogo iamrishe kontakta (swichi kubwa inayowashwa kwa umeme) ya ampea 25 iliyofungwa kwenye tablo. Pia iwe na kipimo cha nje, cha kuingizwa kwenye mrija mkavu wa boila. Termostati ya ukutani isiyo na waya huo inapima hewa ya korido, na hewa ya Bukavu alfajiri haitafika nyuzi 60 hata siku moja, kwa hiyo haitazima. Kinachowaokoa hapo ni termostati ya zamani iliyo ndani ya boila pamoja na kikata-joto chake. Visiguswe, na fundi asivirukishe kwa kipande cha waya eti sasa kuna mashine mpya.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu shauri la kutoa diferensiali linazunguka mjini kama tiba ya kila kitu: friji ikiirusha, itoe, pampu ikiirusha, itoe. Goma hali ni ngumu zaidi, maana katika mitaa iliyojengwa juu ya lava ya 2002 kijiti cha tere kinagonga mwamba, na mwamba haupitishi umeme vizuri. Pasipo tere ya kutegemewa, diferensiali ndiyo kinga iliyobaki. Anayeitoa bila kutafuta kinachovuja hajarekebisha kitu. Amewaachia hatari na kuchukua pesa.

Mkimaliza, bonyezeni kitufe cha T kwenye diferensiali umeme ukiwapo. Iruke papo hapo, na rudieni kila mwezi. Kitufe hicho kinapima diferensiali peke yake, hakipimi tere. Kwa tere, mwambieni fundi aje na kipimo cha ohm za ardhi, mwezi wa Agosti, udongo ukiwa mkavu.