Mkweo haondoki, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Naishi Mbagala. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na ana mtindio wa ubongo. Hakai, haongei, kula ni kwa shida. Mume wangu hanisaidii kitu, anarudi usiku mtoto kashalala. Sasa kamleta mama yake kutoka Muheza, na huyo mama ananiingilia kila jambo. Anamtoa mtoto kibarazani, watu wote wanamwona. Nilipotaka kumrudisha mtoto kwa mganga, alinipinga mbele ya mume wangu. Nimwambie mume achague, mimi au mama yake? Na nikizaa tena, mtoto atakuwa hivi hivi? — Niliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kumbeba mtoto wa miaka minne, kumgeuza usiku, kumlisha kijiko kimoja kimoja, ni kazi ya kumchosha yeyote. Hapo sina ubishi na wewe.

Ila barua yako ni ndefu kuliko kipande nilichokiweka hapo juu, na nimeisoma yote. Unasema mumeo hakusaidii kitu. Ukurasa wa pili unasema ndiye anayetoa nauli na hela ya mazoezi ya viungo ya mtoto, na kwamba siku aliyotaka kumlisha mtoto ulimpokonya bakuli ukisema atampalia. Sasa atajifunza lini? Baba aliyepokonywa bakuli leo, kesho hanyooshi mkono, na keshokutwa anaanza kuchelewa kurudi. Simtetei kuchelewa kwake. Nakuonyesha kulikoanzia.

Hofu yako ya kupaliwa ina msingi. Mtoto wa namna hii akilishwa amelala chali, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa kikamletea nimonia. Basi mfundishe baba yake: mtoto akalishwe wima, kichwa kiiname mbele kidogo, chakula kiwe laini, asiharakishwe. Ni somo la jioni moja tu.

Kilichonikera zaidi ni hiki. Kurasa nne nzima, hukusema mtoto anapenda nini wala anachekeshwa na nini. Linalojirudia ni "watu wanamwona". Tena umemshtaki mkweo kwamba anampeleka kutazama kuku wa jirani na mtoto "anapiga makelele". Mwanangu, hizo kelele ni furaha! Bibi yake ameijua, wewe hujaijua, kwa sababu macho yako yako kwa majirani. Huyo mama hakuingilii. Anamlea mjukuu wake mchana kweupe, na wewe ulizoea kumlea chumbani pazia limeshushwa.

Na kwenye suala la mganga, mkweo yuko sahihi, wewe umekosea. Umeandika mwenyewe kwamba uchungu ulikuchukua siku mbili na mtoto hakulia alipozaliwa. Ubongo wa mtoto ukikosa oksijeni wakati wa kuzaliwa huumia, na jeraha hilo halitoki kwa kombe wala kwa kafara. Wengine hupata hali hii kwa manjano makali ya uchanga, wengine kwa homa ya uti wa mgongo. Hakuna aliyemroga mwanao. Ulipomshindisha kwa mganga mwezi mzima ukaacha mazoezi, ulimrudisha nyuma, maana misuli isiponyooshwa hukaza na viungo hujikunja. Rudi kwenye mazoezi wiki hii. Kama unakokwenda hawakuelekezi vizuri, nenda hospitali ya CCBRT pale Msasani, na mkweo aende nawe akaone yanavyofanywa, ili nyumbani mpokezane.

Hapa nasema na wengine mnaosoma. Ndoa za siku hizi tumezifanya za watu wawili na mlango uliofungwa. Mama mkwe akifikisha wiki ya pili, tunaanza kuuliza basi la kwao linaondoka saa ngapi. Kisha mtoto anazaliwa na mahitaji mazito, tunalia kwamba hatuna msaada. Sisemi zamani watoto hawa hawakufichwa. Walifichwa, tena vibaya sana. Lakini mama yao alikuwa na mawifi, shemeji na bibi wa kumpokea beseni. Mkono mmoja haulei mwana, sembuse mwana asiyeweza kukaa mwenyewe.

Kwa hiyo usimpe mumeo sharti la kuchagua. Akichagua mama yake nitamwelewa, na akikuchagua wewe utabaki na mtoto peke yako mchana kutwa, ndicho kilichokuchosha tangu mwanzo. Mwambie mkweo asante, maana katika barua yote hukuwahi kumwambia. Halafu ulizeni halmashauri ya Temeke kuhusu shule yenye kitengo cha elimu maalumu, miaka inakwenda. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mwanao haki ya kusoma, lakini haitakuja kugonga mlango kumtafuta mtoto aliyefichwa.

Kuhusu kuzaa tena: mtindio wa ubongo kwa sehemu kubwa haurithiwi. Ukishika mimba, anza kliniki mapema, waeleze uchungu wa kwanza ulivyokuwa, na ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kliniki nenda na mumeo. Mtoto mwachie bibi yake.